Nguo Isiyo na Uzi

Katika kazi ya udobi makosa ni mengi, lakini la kukufungisha kazi ni moja tu: kuchanganya. Ukiunguza kola utaomba radhi. Ukichelewesha suruali utatukanwa, na matusi hayaachi doa. Lakini mpe mtu shati la jirani yake, siku hiyohiyo mtaa mzima utakuwa na habari, na mabeseni yako yatakauka.

Ndiyo maana yule mama walimwita Nyuzi. Kabla nguo haijagusa maji, aliipindua na kuitia mishono midogo ndani ya kola au kwenye pindo, kila mteja na rangi yake. Mke wa mwenye duka la dawa alikuwa na bluu. Kinyozi wa kibanda cha mbele, njano. Familia ya dereva wa lori walikuwa na kijani na nyeupe zilizosukwa pamoja, kwa kuwa walikuwa wengi na wote walivaa saizi moja. Nguo isiyo na uzi haikuingia kwenye beseni la mtu. Ilitupwa katika kikapu cha kona, na ikikaa bila kuulizwa ilichanwa, ikawa tambara la kufutia meza ya pasi.

"Huyu," kinyozi alizoea kusema, "hata malaika wakimletea kanzu zao atazitia uzi kwanza."

Nyumbani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Nguo zake mwenyewe zilikuwa na uzi mweusi. Za dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni aliyekaa chumba cha upande wa pili wa ua, kahawia. Za binti yake, uzi mwekundu.

Kinyozi alikuwa na redio isiyojua kunyamaza. Siku moja, Nyuzi akiwa anapiga pasi shati jeupe, mtangazaji akasoma habari ya sheria mpya ya uraia. Kuanzia sasa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi ataweza kupata uraia kupitia mama yake pia, si kwa baba peke yake kama zamani. Mama aje mwenyewe kula kiapo, kabla mtoto hajatimiza miaka ishirini na moja. Hapo Nyuzi aliendelea na kola. Kisha mtangazaji akaongeza: nchi hii na jirani yake zimekubaliana kupeana kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa, na atakayekutwa anatembea na cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine, huyo atahesabiwa kuwa mgeni.

"We Nyuzi!" kinyozi akapaza sauti. "Leo unafua au unachoma mahindi?"

Alipoinua pasi, mgongo wa shati ulikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, kama jani kavu.

*

Dada yake alifika jioni, aproni bado kiunoni, ananuka vitunguu.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Usinijibu kama mtu anayeulizwa na polisi. Mpaka wanafunzi wanaongea habari hiyo."

"Dada, nguo zangu zinangoja."

"Na zingoje. Hizo zina wenyewe. Mimi nimekuja kwa ajili ya asiye na mwenyewe."

"Mwanangu ana cheti."

"Cheti cha marehemu!"

"Punguza sauti."

"Nimeipunguza miaka yote hii mpaka koo limeshika kutu."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Nyuzi hakuzaa mtoto mmoja, alizaa wawili. Wa kwanza alizaliwa hapa hapa, akapewa cheti chake. Akiwa bado ananyonya, Nyuzi alimbeba mgongoni, akamfuata baba wa mtoto ng'ambo ya mpaka, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa huko. Huko homa ikamchukua yule mtoto, na huko akazikwa. Baadaye akazaa wa pili, msichana tena, akampa jina lile lile. Yule fundi naye akapata kazi mbali, akapata na mke mwingine huko huko, akatokomea bila kuacha jina lake kwenye karatasi yoyote ya mtoto.

Nyuzi akaamua kurudi kwao. Lakini sheria ya wakati ule ilisema mtoto wa kuzaliwa nje anafuata uraia wa baba. Mama hakuhesabiwa. Basi akapita mpakani na mtoto wa pili mgongoni, na cheti cha wa kwanza mkononi. Mkaguzi alisoma cheti, akamtazama mtoto, akasema, "Mbona mdogo hivi?" Nyuzi akajibu, "Alikuwa mgonjwa." Wakapita.

Tangu hapo hakuwahi kulizungumza. Na tuseme kweli, haikuwa hofu ya serikali peke yake iliyomfunga mdomo. Kwa ile karatasi, mtoto wake wa kwanza hakufa. Alikua, akaandikishwa shule, akapata kitambulisho, akaanza kupokea pasi kutoka mkononi mwa mama yake. Kila Nyuzi alipoita lile jina, kuna mtu aliyeitika. Nani angeacha hilo kwa hiari yake?

"Wale wakileta orodha zao," dada yake aliendelea, "watakuta jina limezikwa kule na linatembea huku. Watamuuliza mtoto, wewe nani? Atajibu nini? Kwa baba hajulikani. Huku atafutwa. Atakuwa mtu wa hewani. Mlango umefunguliwa, mdogo wangu. Nenda kaseme."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba ulizaa wawili, mmoja akafa."

Nyuzi akachovya vidole kwenye kopo la maji, akainyunyizia shuka iliyokuwa mbele yake.

"Mimi sina wa kufa," akasema.

"Ajabu ya mwaka! Dobi asiyechanganya soksi za watu, amechanganya watoto wake mwenyewe!"

"Toka uani kwangu."

"Ua ni wa wote wawili, tuliachiwa na mama."

Hapo ndipo waliposikia sauti kutoka mlangoni. Binti alikuwa amesimama pale na kikapu kitupu ubavuni, ametoka kupeleka nguo kwa wateja. Hawakujua amesimama kwa muda gani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nyuzi akachukua pasi.

"Mama mkubwa, nauliza. Nani amekufa?"

Mpishi alimtazama mdogo wake, akaona mdogo wake hainui uso. Basi akamweleza yule binti yote, wima, bila kutia sukari mahali. Nyuzi aliendelea kupiga pasi pale pale, kipande kile kile cha shuka, kwenda na kurudi.

Binti hakulia. Aliweka kikapu chini taratibu.

"Kwa hiyo mimi sina miaka ishirini na mbili."

"Huna. Una ishirini, unaelekea ishirini na moja. Na hapo ndipo penye moto, maana ukishaitimiza wanafunga. Mwezi na tarehe anavijua huyu peke yake. Sisi huku hatukupata hata salamu wakati ule."

"Mama. Nilizaliwa lini?"

Pasi ikaenda, ikarudi.

Binti akacheka, kicheko kikavu kisichomfaa. "Darasa la kwanza wenzangu wote mapengo, mimi meno ya utotoni yamejaa mdomo. Mwalimu akasema hata meno yangu ni mazito kuelewa. Darasa zima likacheka. Unakumbuka, Mama? Nilikuja kukwambia nikilia, ukanambia nijitahidi."

"Nguo za watu hazijakunjwa," Nyuzi akasema.

"Kila muhula nilikuwa wa mwisho. Kila muhula ukanipiga. 'Rika lako wanasoma, wewe unasinzia.' Kumbe hawakuwa rika langu! Nilikuwa nachapwa kwa umri wa mtu mwingine."

"Nilikupiga usome."

"Ulinipiga niwe yeye."

*

Kuanzia asubuhi ya pili yake, binti aliacha kumwamkia mama yake. Watu wa ua ule walikuwa na adabu zao. Mtoto hanywi chai kabla hajasema shikamoo. Yeye alitoka chumbani, akasimama mbele ya mama yake, akauliza:

"Ni leo?"

Nyuzi akageukia jiko, tarehe akabaki nayo yeye. Binti akamimina chai, akanywa akiwa amesimama, akaenda kwenye mabeseni. Kesho yake tena: "Ni leo?" Na kesho yake. Kazi ilifanyika kama kawaida, shuka zilianikwa, wanga ulikorogwa, lakini maneno kati yao yalikuwa ya kuhesabika: pasi imepoa, lete maji, mteja anaita. Kinyozi aliwahi kuchungulia akasema, "Humu kuna msiba au kuna bubu?" Walimtazama wote wawili kwa jicho moja, akarudi kwa wateja wake.

Siku moja binti akachukua sindano ya mama yake, akakaa kwenye ngazi na nguo zake zote mapajani, akaanza kuchomoa uzi mwekundu. Blauzi, sketi, kanga, hata leso. Mshono baada ya mshono, akivuta na kupuliza vipande vya uzi chini.

"Unafanya nini?" Nyuzi akamuuliza.

"Narudisha vya watu."

Nyuzi akageuka akaenda kuanua nguo kambani. Lakini siku zile akili yake haikuwa kwenye kazi, na kwa mara ya kwanza tangu aitwe Nyuzi, kikatokea kile alichokiogopa. Mke wa mwenye duka la dawa aliingia uani akiwa amebeba blauzi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Dobi! Hii ya nani?"

Ilikuwa blauzi ya binti, ya maua madogo. Haikuwa na uzi, ikaokotwa kambani, ikakunjwa pamoja na nguo za wengine.

"Samahani sana, mama."

"Samahani ya nini? Mume wangu ameikuta kabatini. Nusu saa nzima nimehojiwa, na yeye naye nimemhoji. Nyumba ilitaka kuwaka kwa blauzi! Nilikuwa nawaambia watu, Nyuzi hachanganyi. Kumbe na wewe ni wale wale." Aliitupa mezani. "Mtoto wa watu akivaa nguo yangu ya ndani nitajuaje?"

Akaondoka, na sauti yake ikaendelea kusikika njiani, ikisimulia. Kinyozi alikuwa amezima redio ili asipitwe.

Nyuzi aliichukua ile blauzi, akamfuata binti kwenye mabeseni, akamrushia usoni.

"Umefurahi? Umeniaibisha, umefurahi?"

"Nguo haina uzi, wewe ukaichukua. Kosa langu liko wapi?"

"Mkono uliokulisha ndio unaoukata."

"Mkono ulionilisha ulikuwa unamlisha mwingine! Mimi nilikuwa mdomo tu."

"Funga huo mdomo basi."

"Sema amekufa, nitafunga. Neno moja. Amekufa, Mama. Alikufa kabla mimi sijaja, na mimi sikumuua. Sema."

Nyuzi alimsogelea. Na hasira, kama maji ya moto, haichagui pa kumwagikia.

"Angekuwa hai yeye," akasema, "wewe nisingekuzaa. Ulikuja kuziba. Hata kuziba kwenyewe umeshindwa. Yeye alikuwa na akili, wewe una ulimi."

Lilishatoka. Mpishi, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni pake, kisu kilimsimama mkononi.

Binti aliinama, akaokota ile blauzi iliyokuwa imeanguka kwenye povu, akaikamua, akaiweka juu ya meza ya pasi mbele ya mama yake. Kisha akavuka ua na kuingia kwa mama yake mkubwa. Jioni alirudi mara moja kuchukua godoro lake. Alipopita alisema tu:

"Alikufa mchanga. Hiyo akili uliionea wapi?"

*

Usipomwona mtu ambaye mnagawana ua mmoja, ujue mnafanya kazi ya kutoonana. Binti alikwenda kutafuta vibarua vya kupiga pasi kwenye hoteli moja, akawa anatoka mapema. Lakini kila asubuhi, kabla hajafika barabarani, alipita mlangoni kwa mama yake. Hakuingia. Alisema kwa nje, "Ni leo?" kisha nyayo zake zikaendelea.

Mpishi alijaribu kwa upole, ikashindikana. Akajaribu kwa ukali. "Roho mbaya haina dawa," alimwambia. "Mtoto wako unamnyima nchi kwa sababu ya kaburi. Wa chini ya ardhi hahitaji kitambulisho. Huyu wa juu ndiye atakayesukumwa kwenye gari la wageni, apelekwe kule asikojua hata njia ya sokoni."

"Nyie mnasema kana kwamba ni kutema mate."

"Sasa ni nini?"

"Wewe hujazika mtoto," Nyuzi akasema, na hilo kwa dada yake, ambaye hakujaliwa mtoto, lilikuwa ni kofi. Mpishi aliingia ndani, akafunga mlango. Sasa katika ua ule Nyuzi hakuwa na wa kusema naye.

Wateja walipungua. Habari ya blauzi ilikuwa imefika mbali kuliko blauzi yenyewe. Jioni moja, jua likiwa bado limekaa juu ya ukuta, Nyuzi alikosa nguo ya kufua, akaamua kupanga vitu vyake. Akafika kwenye kile kikapu cha kona. Ndani yake alikuta soksi moja, foronya iliyochakaa, na chini yake ile blauzi ya maua madogo.

Hakukumbuka kuiweka humo. Lakini nani mwingine? Mikono yake iliyozoea ilikuwa imeikuta haina uzi, ikaipeleka panapopelekwa nguo zisizo na uzi.

Alikaa chini, akavuta kopo lake la nyuzi. Akatoa mwekundu, akatunga sindano, akapindua kola. Akaona vitundu vidogo pale binti alipochomoa mishono. Akaingiza ncha ya sindano katika kitundu kimojawapo, akaishia hapo. Akautoa uzi mwekundu, akajaribu kutafuta mwingine. Mweusi ni wake. Kahawia, wa dada. Njano, bluu, kijani, zote zilikuwa na watu. Alilimwaga kopo lote sakafuni. Kwa muda wote ule wa kuosha nguo za mtaa mzima, hakuwa amemtafutia huyu rangi.

Jua likashuka nyuma ya ukuta. Hakuwasha taa.

Asubuhi, kabla nyayo hazijapita mlangoni pake, alivuka ua yeye mwenyewe, akapiga mlango wa dada yake kwa kiganja. Aliyefungua alikuwa binti, mswaki mdomoni.

"Ni kesho," Nyuzi akasema.

Binti akatoa mswaki.

"Ni kesho ndiyo unatimiza. Kwa hiyo tunakwenda leo. Vaa." Akageuka, kisha akarudi hatua moja. "Na sijaja kuomba radhi."

"Sijaiomba," binti akajibu.

*

Ofisi ya uraia ilikuwa na madirisha ya vioo vinene, kila kimoja na tundu dogo lililowekwa chini sana, sijui waliwapimia watoto. Mtu akitaka kusikika ilimbidi ainame na kupaza sauti, na walio nyuma kwenye foleni wakafaidi habari yote. Karani aliyekuwa ndani alivaa sweta licha ya joto lile na alikuwa anachokonoa meno.

"Shida?"

"Nimekuja kumwandikisha mtoto. Alizaliwa nje."

"Huyo mtoto yuko wapi?"

"Ni mimi," binti akasema.

Karani akachukua kitambulisho na cheti, akaviangalia. "Hapa anaonekana kazaliwa ndani. Sasa mnataka nini? Au mmeshiba uraia?"

"Hicho cheti si chake," Nyuzi akasema.

"Sauti, mama. Kioo kinene."

"Si chake! Ni cha dada yake."

Foleni yote ikaacha kunong'ona. Karani akaweka kijiti chake cha meno pembeni, akavuta karatasi.

"Kwa hiyo uliidanganya serikali."

"Ndiyo."

"Hilo nalo naliandika. Utaitwa kulijibu, usidhani sheria mpya ni sabuni ya kufua kila kitu. Haya. Huyo mtoto wa kwanza, mwenye cheti, yuko wapi sasa?"

 Nyuzi aligeuza macho kwa binti. Binti alikuwa anatazama tundu la kioo.

"Alilala," Nyuzi akasema.

"Hapa hatuandiki kulala. Kuna sehemu mbili, yu hai au amekufa. Nijaze ipi?"

"Alishatangulia."

"Mama, nina watu mpaka nje kule. Yu hai, au amekufa?"

"Amekufa."

"Sauti."

"Amekufa!" Nyuzi alipiga kioo kwa kiganja. "Amekufa, amezikwa, nilimvika sanda kwa mikono hii! Umesikia sasa?"

"Nimesikia. Usinipigie kelele, si mimi niliyemuua." Karani akamuuliza mwaka na mahali, akajaza. "Una hakika gani aliyezikwa ni yeye? Mwaka huo kumbukumbu za wenzetu zinaonyesha homa iliua watoto wengi hapo mahali. Walizikwa kwa pamoja, wengine majina yalibadilishana."

"Wangu hakubadilishana."

"Unajuaje?"

"Walikuwa wanawapanga sakafuni, wamefunikwa sawasawa, huwezi kumjua wa nani. Nikaomba sindano kwa mwanamke mmoja. Nikamtia uzi kwenye pindo la sanda, asije akachukuliwa na watu wengine. Nikaufuata ule uzi mpaka kaburini."

"Uzi gani?"

"Mwekundu."

Binti alipeleka mkono shingoni, kwenye kola ya nguo aliyovaa, pale ambapo palikuwa na vitundu tu. Akauacha mkono hapo. Mama yake hakumtazama.

Karani akakohoa. "Haya. Na huyu wa pili, kazaliwa lini?"

Nyuzi akaitaja tarehe, mwezi na mwaka, kama mtu anayetoa kitu alichokificha chini ya ulimi. Karani akahesabu kwa kalamu, akainua nyusi.

"Mnacheza na moto nyie. Kesho ningewafungia dirisha. Jina lake?"

Nyuzi akakaza kanga kiunoni.

"Jina la huyu, mama. Au ni lile lile?"

"Hapana," binti akasema.

"Sikukuuliza wewe. Anayetaja ni mzazi."

Nyuzi akainama kwenye tundu, na hapo akagundua kwamba hana la kusema. Jina alilokuwa nalo lilikuwa moja, na limeshatumika. Akabaki ameinama. Ndipo binti aliposogea, akamwambia neno moja sikioni, kwa haraka, kama anayemrudishia mtu chenji. Nyuzi akalipaza kwenye tundu, neno geni mdomoni mwake, na karani akaliandika.

Akala kiapo. Akatia dole gumba. Karani akampa binti karatasi yenye muhuri. "Wewe sasa ni wa kusubiri. Wakubwa wakiidhinisha utapata cha kudumu. Lakini umewahi." Kisha akachukua cheti cha zamani, akakitoboa tundu katikati kwa kile chuma chao, akakigonga muhuri, akavuta droo.

"Naomba hicho," Nyuzi akasema.

"Cha nini?"

"Nikiweke tu."

"Mwenyewe hayupo, cha nini? Hiki ni mali ya serikali. Anayefuata!"

Droo ikafungwa.

*

Walirudi kwa miguu, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule. Mpishi aliyekuwa anangoja uani alimtazama binti, akaiona ile karatasi mkononi, akashusha pumzi, akarudi kwenye viazi vyake. Kwa mdogo wake hakusema neno. Lile kofi la maneno lilikuwa bado linauma.

Nyumba moja ya wageni ilikuwa imeleta shuka asubuhi wakati hawapo. Nyuzi alibadilisha nguo, akashika kazi. Zile zilikuwa shuka nzito, za kitanda kikubwa, na shuka ya namna hiyo haikamuliki na mtu mmoja. Inataka wawili, kila mmoja ashike ncha yake, huyu azungushie kulia, yule kushoto. Nyuzi aliinua ya kwanza kutoka kwenye maji, ikamvuta mikono chini, naye kwa mazoea ya miaka yote akaita.

Aliita lile jina.

Hakuna aliyeitika. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi, hatua chache tu kutoka pale.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na sauti yake ikaenda mpaka kwenye ukuta wa jirani.

"Huyo hayupo," binti akasema. "Umemwacha pale ofisini."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye shuka, yakamlowanisha Nyuzi miguu. Alijaribu kulikumbuka lile neno aliloambiwa sikioni. Alilitaja mara moja tu, kwenye tundu la kioo, huku akili iko kwenye droo. Lilikuwa limepita kama jina la kituo ambacho huteremki.

"Ulisema unaitwa nani?" akauliza.

"Nilikwambia. Ukalitaja mwenyewe, mbele ya watu."

"Nimesahau."

"Basi kumbuka."

Nyuzi akasimama na shuka yake. Ilikuwa nzito, lakini hakuirudisha kwenye beseni. Midomo yake ilikuwa inajaribu, silabi moja, nyingine, inaacha. Kwenye kibanda cha mbele redio ilikuwa inapiga muziki.

Binti alimtazama muda mrefu. Kisha akainuka, akashika ncha ya pili, akaanza kuzungusha, kwa nguvu, mpaka shuka ikawa kamba ngumu kati yao na viganja vya mama yake vikaanza kuuma. Nyuzi hakuachia. Naye akazungushia upande wake.